Siku Tulipofunga Chumba cha Jumuiya

Siku ile walikuwepo hawa, nami nawataja kwanza ili mtu asije akasema Bibi Asia anatunga. Alikuwepo Mzee Ramadhani Kibwana, mwenyekiti wetu. Mama yake na marehemu mume wangu ni wa tumbo moja, kwa hiyo mimi kwake ni mke wa mjomba, na ndiyo maana hunishikia adabu mbele za watu na kunibishia tukiwa wawili. Alikuwepo Ustadhi Hamisi, katibu, mtu wa Kigoma, aliyemwoa Rukia binti wa Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi mwenyewe alikuwepo, mwoshaji mwenzangu wa miaka yote. Mimi na yeye tuliolewa mtaa mmoja. Alikuwepo Zuhura, mweka hazina, mjukuu wa Bi Mgeni binti Salumu aliyenifundisha kazi. Na alikuwepo Mama Skola, fundi cherehani, Mkatoliki wa Matombo, ambaye si mwanachama wa chochote chetu. Chumba chake na chetu viligawana ukuta mmoja na ua mmoja. Alikuja kufuata vikombe vyake, akavuta kigoda, akakaa.

Tausi hakuwepo. Tausi tulikuwa hata hatumjui. Lakini nyinyi mnaosoma mkae mkijua kwamba mama yake alikuwa kitandani anaumwa, nyumba chache tu kutoka pale, na yale tuliyoyazungumza tukinywa kahawa ndiyo yaliyoamua mama yule ataoshwa wapi.

Nawaandikia nyinyi mabinti mliopokea kazi hii ya kuosha maiti wa kike na kuwasitiri. Mimi nimeacha, mgongo umekataa. Shule yangu iliishia darasa la nne, na swali lililonifanya nishike kalamu hata wenye shule ndefu sijaona wakilijibu. Je, Jumuiya kama yetu, inayoishi kwa sadaka za watu, inahitaji kuwa na ofisi? Nimelizungusha kichwani mpaka kichwa kinauma. Asubuhi nasema ndiyo, jioni nasema hapana.

Zuhura ndiye aliyelianzisha. Alisema, "Bibi zangu na baba zangu, wachangiaji wanauliza. Mtu anatuma sadaka ya sanda, sehemu yake inakwenda kulipia pango la chumba chenye kufuli."

"Kufuli lipo kwa sababu kuna wezi," akasema Mzee Ramadhani.

"Wezi waibe nini, baba? Meza mbovu na kalenda ya mwaka juzi?"

"Na mtu akifiwa aende wapi?"

"Apige simu."

"Simu ya nani?"

"Ya yeyote kati yetu. Tuna kundi kwenye simu."

"Hilo kundi lina mlango?" akauliza Mzee Ramadhani. Zuhura akacheka, akaona ni mzaha. Sijui kama ulikuwa mzaha.

Ustadhi Hamisi akakohoa kidogo, kama afanyavyo kabla ya hotuba. "Sadaka ni amana," akasema. "Mtu katoa nguo ya kumsitiri maiti. Sisi tukiichukua tukamsitiri mwenye nyumba, tutajibu nini siku ya siku?"

Maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikasema moyoni, funga hiki chumba leo hii. Halafu Mzee Ramadhani akasema jambo linapaswa kuwa na mahali, maana hata mlevi ana kilabu chake anapotafutwa, na hayo nayo yakaniingia.

Mama Skola akadakia bila kuulizwa. "Sisi kule Matombo ofisi ya parokia ipo, nzuri, ina mabati mapya. Lakini ukimtaka paroko unamfuata kwenye migomba."

"Kwa hiyo unasema ofisi haina kazi?" Ustadhi akamuuliza.

"Sijasema hivyo. Nimesema alipo paroko."

Ikapigwa kura ya mikono. Wanaotaka kifungwe? Nikanyoosha, maana Zuhura na Ustadhi walisema kweli. Wanaotaka kibaki? Nikanyoosha tena, maana Mzee Ramadhani naye hakusema uongo. Mama Skola akanyoosha pia. Zuhura akahesabu mara moja, akarudia, akatutazama.

"Mbona mikono imezidi watu? Bibi Asia, uko upande gani?"

"Upande wa anayesema kweli, mwanangu."

"Na wewe Mama Skola si mwanachama!"

"Nimenyoosha kwa ajili ya ukuta wangu," akasema. "Sijui mtaniletea jirani gani."

Bi Mwanaidi yeye alisema waziwazi, "Mimi namfuata mkwe wangu, leo kaniletea samaki." Basi kufunga kukashinda.

Sasa angalieni jambo linalonichanganya kuliko yote. Tulizungumza habari za meza, viti, kufuli na kalenda, lakini hakuna hata mmoja aliyetaja ua. Nyuma ya chumba kile palikuwa na ua wenye bomba na mfereji wa kutolea maji, na palikaa kitanda chetu cha kuoshea. Ndipo tulipowaoshea wanawake ambao hawakuwa na pa kuoshewa. Sote tulijua. Labda ni kwa kuwa mtu hataji kitanda cha maiti wakati kahawa iko mkononi. Sisi Waswahili tuna mambo tunayoyapita kimyakimya kwa heshima, na siku nyingine heshima hiyo ndiyo inayotuponza.

Zamani hatukuwa na chumba wala kitanda. Bi Mgeni binti Salumu alikuwa anakwenda na kata yake ya kuchotea maji na kifurushi cha karafuu maiti, basi. Mtu akifa, anaoshwa kwake. Wanatoa kitanda cha kamba, wanachimba kishimo chini yake maji yaingie humo, wanazungushia kanga, kazi inafanyika. Milimani huko Mkuyuni na kwingine bado ni hivyo. Lakini mjini watu wakaanza kuishi kwa kupanga, chumba kimoja kimoja, ua umemwagwa saruji, uchimbe kishimo wapi? Na mwenye nyumba anasema, "Msiniletee hiyo kazi hapa, wapangaji wangu watahama." Ndipo Jumuiya ikakodi chumba, ndipo fundi akatutengenezea kile kitanda cha mbao, upande wa miguuni kimeinama kidogo, mbao zimeachana ili maji yapite.

Nilivyoanza kazi na Bi Mgeni nilikuwa kijana, nina adabu kupita kiasi. Maiti wa kwanza alikuwa bibi mmoja mzito wa heshima, Mwanakheri binti Athumani. Nikaingia, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo bibi." Nikasubiri. Nyuma yangu Bi Mgeni, aliyekuwa anapima maji, akajibu kwa sauti nene, "Marahaba." Nilitoka na kata mkononi mpaka barabarani. Walinikuta kwenye duka la mkaa. Bi Mgeni alinirudisha akiwa amenishika kiwiko, akaniambia, "Kumsalimia umefanya vizuri. Kukimbia ndiyo utovu wa adabu."

Mengine aliyonifundisha ni haya, na msiyaache. Maji yawe vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yajaribuni kwa kiwiko kwanza. Maji ya Uluguru yanatoka bombani yakiwa baridi kama chuma, msimmwagie mtu yalivyo eti kwa kuwa hasikii. Nguo ya kumfunika kuanzia kifuani hadi magotini isiondoke hata dakika moja, mnaosha chini yake kwa mkono uliovishwa kitambaa. Anzeni kuliani. Tumbo mlibonyeze taratibu. Nywele zisukwe mafungu matatu. Maji ya mwisho ndiyo ya karafuu maiti. Siku hizi mna glavu na majagi ya plastiki, na ni vizuri, sisi mikono ilichubuka. Lakini msiseme mbele yake, "Huyu mzito." Semeni, "Tugeuke kidogo, bibi." Na mnachokiona pale kinabaki pale.

Turudi kwenye chumba.

Tulipokifunga, vitu viligawanywa. Sanda kwa Bi Mwanaidi. Ndoo na karafuu maiti kwa Ustadhi. Meza mbovu akapewa Mama Skola akatie vitambaa. Kikabaki kitanda. Tulikizunguka, kila mtu akawa na jambo la kutazama angani.

"Mwenyekiti akichukue," akasema Zuhura.

Mzee Ramadhani akakipeleka kwake, akakiegemeza ukutani kwenye baraza. Mkewe Bi Tatu hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akakaa mlangoni na lile furushi, akamwambia, "Chagua." Kitanda kikaenda kwa Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni mwerevu. Akakitandikia mkeka na mto, kikakaa sebuleni kama kitanda cha wageni, na kweli kilipendeza. Akaja shemeji yake kutoka Dakawa, amemletea mchele, amechoka kwa safari. Akajinyoosha pale, akalala mchana mzima. Alipoamka akasema, "Shemeji, kitanda hiki kina upepo kwa chini. Sijapata kulala hivi tangu nizaliwe." Rukia, ambaye hajui kuficha kitu, akamwambia ni kitanda gani. Yule bwana aliondoka bila kula, na mchele wake akaurudisha begani.

Ndipo kikaja kwangu Bigwa, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mimi nauza vitumbua asubuhi. Wiki ile wateja walinunua kwa jirani. Nikawaambia nimekifunika turubai. Wakasema, "Tunajua kilichofunikwa, Bibi Asia."

Sasa asubuhi moja simu yangu ndogo ikalia. Ni Mama Skola. "Bibi Asia, kuna mtoto wa watu hapa amefiwa na mama yake. Amesimama anautazama mlango wenu."

Mlango wetu ulikuwa umeshakuwa duka la mawigi.

Huyo ndiye Tausi. Mama yake, Bi Chausiku binti Mrisho, mtu wa Tabora, alifariki alfajiri. Walikuwa wawili tu mjini hapa, wamepanga chumba kimoja. Mwenye nyumba amemwambia yale yale wanayoyasema wote. Msikiti wa mtaani hauna sehemu ya kuoshea wanawake. Jirani mmoja akamwelekeza, nenda pale kwenye chumba cha Jumuiya, wale mabibi watamsitiri mama yako. Akaenda, akakuta vichwa vya plastiki vyenye nywele.

"Nilidhani nimepotea njia," aliniambia baadaye. "Nikazunguka mtaa mzima, nikarudi pale pale."

Nikampigia Zuhura. Zuhura, mtoto wa watu, alifanya kila kitu inavyotakiwa. Akaandika kwenye kundi, vizuri kabisa: nani amefariki, nani alete sanda, nani alete ndoo na karafuu maiti, kitanda kinatoka kwa Bibi Asia, na mahali pa kukutana ni uani kwa Mama Skola, maana Mama Skola alikwishasema, "Leteni kwangu, ua ni ule ule." Tungemaliza mapema. Lakini nyinyi mnajua desturi yetu. Mtu akisikia msiba, lazima aseme inna lillahi. Ukinyamaza utaonekana huna utu. Basi wote kwenye kundi wakasema inna lillahi, mmoja baada ya mwingine, na walioko Dar, na walioko Kilosa, na wengine wakaweka picha za mishumaa na maua. Ujumbe wa Zuhura ukapanda juu, ukapotea huko mawinguni. Bi Mwanaidi akachungulia simu ya Rukia, akaona rambirambi tupu, akabeba sanda akaenda nyumbani kwa marehemu. Ustadhi akaenda na ndoo msikitini, akasimama mlangoni. Mimi niko barabarani na guta la mizigo, kitanda juu, turubai limefunguka, watu wananipisha njia kama mkuu wa mkoa. Kila mtu yupo mahali pake, na kila mtu anamkasirikia mwenzake kwa kuchelewa.

Na jua linakwenda. Tausi alitaka mama yake azikwe siku ile ile, kabla ya magharibi, kama alivyousia mwenyewe.

Mama Skola alikuwa ameshaondoa cherehani. Hakuwa na kanga za kutosha za kuzungushia ua, akatoa vitambaa vya wateja wake, vitenge ambavyo havijashonwa, akavitundika kamba hadi kamba. Katikati ya hayo akaingia mteja mmoja.

"Mama Skola! Hiki si kitenge changu cha harusi?"

"Ndicho. Kinamsitiri mwenzako. Rudi Jumatano."

Mteja akatazama, akaelewa, akavua ushungi wake akauongeza kwenye kamba.

Tulipokusanyika wote, ikawa alasiri. Tukamleta Bi Chausiku. Kabla hatujamlaza, Mzee Ramadhani akatangulia kujilaza yeye kitandani, kanzu na kofia na vyote.

"Haoshwi mtu hapa!" akasema. "Wanyamwezi walipita na mizigo yao wakamaliza ndizi zetu. Mpaka walipe!"

Wageni wanaweza kushangaa, lakini sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na mtani asipofanya fujo msibani amekudharau. Tausi alikuwa hajatoa chozi tangu asubuhi. Akamtazama yule mzee, akasema, "Lala basi babu, tuanze na wewe." Bi Mwanaidi hakungoja. Akammiminia kata ya maji miguuni, maji ya bomba, ya baridi. Mwenyekiti aliruka kama mbuzi. Tausi akacheka, na kicheko kikageuka kilio, ndipo akalia kilio chake cha kwanza, na Mama Skola akamshika.

Wanaume wakatoka. Tukaosha. Tausi akaomba amimine yeye. Nikamwambia, "Mwambie kila unachomfanyia, asishtuke." Akasema, "Mama, nakuosha mkono. Mama, huu ni mkono wa kushoto sasa. Mama, maji ya moto kidogo, samahani." Cherehani zote za mtaa zilikuwa zimenyamaza. Hapo sikuwaza habari ya ofisi, kusema kweli.

Alizikwa kabla ya magharibi. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa tena, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Pale makaburini akatokea mtu anakimbia, matope mpaka magotini, anatoka kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa. Jina lake Kulwa. Ni mtoto wa kaka yake Bi Chausiku, walipoteana miaka na miaka. Zile inna lillahi zilizotupoteza sisi ndizo zilizotembea simu kwa simu mpaka zikamfikia, akasoma jina la shangazi yake. Akawahi kutia udongo. Tausi aliyekuja mjini na mtu mmoja akarudi nyumbani siku ile ana ndugu. Chumba chetu, na kufuli lake na kalenda yake, kingemleta Kulwa? Kisingemleta. Na simu ingemwonyesha Tausi ua? Haikumwonyesha. Sasa niambieni, nimnyooshee nani mkono?

Tulikaa tena kikao, safari hii kwenye chumba cha ushonaji, katikati ya magauni. Zuhura alikuwa amepungua maneno. Akauliza, "Mama Skola, kwani hapa sasa ni ofisi yetu?"

"Hapa ni kwa fundi," akasema Mama Skola. "Pango sitaki, uanachama sitaki, na Jumapili msinigongee, nakuwa kanisani. Kitanda kikae, lakini kikae wima."

Ustadhi akauliza kama inajuzu Jumuiya ya Kiislamu kuwa na ua wake kwa Mkatoliki. Akajijibu mwenyewe kwa muda mrefu, kwanza upande huu, halafu upande ule, mwisho akaomba aongezewe chai. Mzee Ramadhani akasema tukodi chumba upya. Zuhura akasema tuwe na kundi la pili ambalo rambirambi zimekatazwa. Bi Mwanaidi akasema watu watagombana na kundi kama hilo, na atakayegombana nalo wa kwanza ni yeye. Hatukuamua kitu.

Tukiwa hapo Tausi akaingia, akatusalimia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka akatufikia wote. Alikuwa amebeba jora zima la bafta nyeupe, lile la kukatia sanda. Alisema yeye na Kulwa wamelinunua kwa mavuno, wanalitoa kwa ajili ya watakaofuata.

"Niliweke wapi?" akauliza.

Zuhura akafungua simu yake. Ustadhi akaonyesha upande wa msikiti. Mzee Ramadhani akaonyesha ukuta wa duka la mawigi kwa mazoea. Mama Skola akatazama vitambaa vyake vilivyojaa mpaka dari. Yule binti akabaki katikati ya chumba, jora mikononi, anatugeukia mmoja baada ya mwingine. Nikainuka, nikampokea. Nikapanda nalo Bigwa. Lipo hapa nyumbani, nimelifunga kwenye shuka lisipate vumbi, nanyi mkilihitaji njooni.

Nimewataja watu kwa majina kwa sababu majina sijawahi kuyapoteza, lakini mpangilio wa maneno unaweza kuwa umenichanganya. Bi Mwanaidi huenda atasema samaki hawakuwepo. Kulwa anaweza kuwa ndiye aliyebeba jora na Tausi akatangulia mlangoni. Kuna mtu pia aliniambia kura ya kwanza ilikuwa ya kubakiza, siyo ya kufunga. Aliyekuwepo akiona nimekosea aniambie, sitakasirika; nitasahihisha kwa kalamu hii hii.